Ana miaka 7 na bado anakojoa kitandani

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 7 na haipiti wiki bila kukojoa kitandani, tangu utotoni. Kuanzia saa kumi jioni namnyima maji. Bibi yake anasema abebe godoro mwenyewe mbele ya wenzake, aone haya. Nifanyeje? – Mama Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Godoro lianike wewe, bila maneno. Haya anayo tayari, tena nyingi. Mtoto huyu hakojoi kwa uvivu: kibofu kinajaa naye kalala fofofo, ubongo haupati habari. Mara nyingi ni jambo la kurithi, kwa hiyo muulize bibi, kwa upole, baba mtoto aliacha lini.

Maji usimnyime. Watoto wengi hushinda shuleni bila kunywa, wakirudi ndipo wanakata kiu. Geuza: anywe vizuri asubuhi na mchana, jioni kiasi. Chai ya rangi na soda za kola usiku aziache.

Jumamosi mpe kikombe cha kupimia, akojoe humo akiwa amebanwa kweli. Chukua umri, ongeza 1, zidisha kwa 30: kibofu cha miaka 7 hubeba kama mililita 240. Ukiona 100 tu kila mara, chunguza choo chake kikubwa. Kikiwa kigumu kama cha mbuzi, au anakaa siku tatu bila kwenda, utumbo uliojaa unakibana kibofu. Hili wazazi hawalitazamii kabisa, na nimeona watoto wakikauka baada ya choo kulainika tu. Papai, mboga za majani na maji husaidia. Wengine huhitaji dawa ya kulainisha.

Kama choo kiko nje, weka poti chumbani na taa ndogo. Giza linatisha. Akojoe kabla ya kulala, na tandika mpira chini ya shuka.

Akianza kuwa na kiu kali, kukojoa sana na kukonda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari. Mkojo ukimuuma, akijikojolea mchana au akikoroma sana, asichelewe kuonwa.

Dawa ya kupunguza mkojo wa usiku ipo, inaitwa desmopresini, lakini usiinunue kienyeji: akiinywa kisha akanywa maji mengi, inaweza kumdhuru. Kwanza andika kwenye daftari kwa wiki mbili usiku aliolowesha, vipimo vya kikombe na siku alizopata choo, kisha nenda nalo kliniki ya watoto.