Jibu: Kijiji kitulivu Pwani, mbali na Diani

Habari dada. Kama nimekuelewa, una siku nne, unatoka Nairobi, hutaki fujo za watalii za Diani, na unaogopa kuwaudhi wenyeji. Mimi ningekwenda Wasini, kisiwa kidogo kusini mwa Pwani ya Kenya.

Kabla ya bei, angalia kalenda. Ramadhani chakula cha mchana ni shida, na miezi ya kusi, upepo wa kusini, bahari huchafuka. Nilivuka Julai nikafika hata mkate mkobani umelowa. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, maji hutulia.

Njia ni treni hadi Miritini, stesheni ya Mombasa, matatu hadi kivuko cha Likoni, uvuke, kisha matatu ya Lunga Lunga. Shuka Kanana, boda hadi Shimoni, ambako mashua za Wasini huanzia. Gatini patana na nahodha kabla hujapanda, na uulize kama bei ni ya kwenda na kurudi. Mimi sikuuliza, nikalipa mara mbili.

Kisiwani hakuna magari. Wenyeji ni Wavumba, Waislamu, kwa hiyo beba leso mbili, na nguo za kuogelea zibaki za baharini. Ukikutana na mzee, anza wewe: shikamoo. Hiyo "niaje" yetu iache Syokimau, stesheni ya Nairobi. Mlangoni piga hodi usubiri ukaribishwe, na picha ni mpaka uombe.

Kina mama wana njia yao ya mbao inayopita kwenye mikoko na matumbawe ya kale. Lipa pale, pesa zinabaki kijijini. Nenda alasiri, jua la saa saba juu ya yale mawe halina huruma.