Unataka kuwa ofisa wa jeshi? Anza na kalamu na ramani

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Wapwa zangu, watoto wa majirani, hata vijana nisiowafahamu waliopewa namba na baba zao, wote wanauliza jambo moja: "Afande, nataka kwenda Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi. Nikimbie kilomita ngapi kwa siku?"

Nilivaa kombati kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo nilikuwa mkufunzi wa maofisa wanafunzi, yaani makadeti. Swali la kilomita si baya, ila ni swali la kuruta. Anayetaka kuwa ofisa ana la kujiuliza kabla ya hilo: nikiwa sijalala, nina njaa na nimelowa, naweza kufikiri sawasawa, halafu nikawaeleza watu thelathini nilichoamua hadi yule wa mwisho akaelewa?

Mbio nizimalize haraka. Kimbia, piga pushapu, zoea kutembea na mzigo mgongoni, na usinunue dawa za kujenga misuli. Kijana mwenye afya, chuo kitamtengenezea miguu na mapafu. Mchakamchaka wa alfajiri na kwata vitaikamilisha kazi hiyo utake usitake. Tena wengi mtakuwa mmeshapita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo habari ya kuamshwa usiku na kulala kwenye hanga si ngeni kwenu.

Kinachowashinda vijana wenye nguvu za kutosha ni kutoa amri. Watu wa nje hudhani amri ni kelele. Amri ya mapigano ina mpangilio wake, na majeshi mengi duniani yanaufuata kwa sura inayofanana: kwanza hali, yaani adui yuko wapi na wenzetu wako wapi, pili kazi tuliyopewa, tatu utekelezaji, nani afanye nini na saa ngapi, nne utawala na ugavi, risasi, maji, chakula, majeruhi wapelekwe wapi, tano ukamanda na mawasiliano, nani anashika uongozi kamanda akianguka. Darasani kila mtu anaukariri kwa siku moja. Porini ni habari nyingine.

Hebu mfikirie kadeti aliyekesha kwenye doria, mwezi wa Juni, baridi ya Monduli inakata vidole. Saa kumi na moja alfajiri mkufunzi anamwambia: kuanzia sasa wewe ndiye kamanda wa platuni, kundi la askari kama thelathini, shambulio ni saa moja na nusu. Anachuchumaa, anachora ardhi yote kwenye vumbi: jiwe ni kilima, kamba ni korongo, majani ni kichaka alikojificha adui. Anawakusanya wenzake na kuanza kuongea. Kundi zima limechoka, wawili wanasinzia, tochi yenye mwanga mwekundu inazungushwa juu ya ramani. Akimaliza, mkufunzi hamuulizi yeye chochote. Anamwendea kadeti aliyekaa nyuma kabisa, mbebaji wa rashasha: "Kazi ya platuni ni nini?" Akikosa jibu, mwenye kosa ni kamanda. Nimeona vijana wenye vifua vipana wakitetemeka hapo, na nimeona binti mwembamba, mtaratibu wa kuongea, akiitoa amri ile kwa sentensi fupi fupi hadi kila mtu akaweza kuirudia.

Ule utulivu unafundishika, na unaweza kuanza kuutafuta ukiwa nyumbani kwenu. Kila jioni andika nusu ukurasa kuhusu jambo moja uliloliona: ajali ya bodaboda, ugomvi wa kisima, foleni ya hospitali. Nini kimetokea, wapi, saa ngapi, nani alihusika, kifanyike nini. Usiweke mapambo. Halafu msomee mdogo wako mara moja tu na umwambie akurudishie alichosikia. Alichokiacha ndicho ulichokieleza vibaya. Fanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana vitabu vingi vya taaluma hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye lugha ya kusuasua atatumia usiku wake kutafsiri wakati wenzake wanaelewa somo.

Ramani nayo usiingoje chuoni. Simu zimewaharibu vijana. Mtu anafika kwa kufuata kile kidoti cha bluu, ukimuuliza kaskazini ni wapi anaangalia juu kama anatafuta ndege. Tafuta ramani ya karatasi ya wilaya yenu ya kipimo cha 1:50,000. Hapo sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Jifunze kusoma gridi, yaani namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, ya tarakimu sita: tatu za kwanza ni za kuelekea mashariki, tatu za mwisho ni za kuelekea kaskazini, na zikikaa sawa unakuwa umelenga mraba wa mita 100 kwa 100. Ukizigeuza umewapeleka watu wako bonde lisilo lao. Kisha toka na dira, panda kilima, linganisha mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, na unachokiona kwa macho. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Jumamosi chache za namna hiyo zitakufaa kuliko mwezi mzima wa pushapu.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kulipima. Chuoni uongozi unazunguka. Wiki hii wewe ni kamanda, wiki ijayo unabeba rashasha na anayekuamuru ni yule uliyemkaripia juzi. Wakufunzi tunakuangalia sana siku ambayo si zamu yako. Unabeba mzigo wa mwenzako aliyeteguka? Unamsaidia kamanda wa zamu asifeli, au unakaa pembeni ukingoja aanguke ili wewe uonekane? Atakayeng'aa siku ya zamu yake peke yake, mimi simwamini na askari wa watu. Ukishatunukiwa kamisheni na kuwa luteni usu, utapelekwa kikosini ukute sajenti mwenye miaka mingi kazini, huenda ana umri wa mjomba wako, akupigie saluti. Msikilize yule mzee. Muulize. Kisha uamue mwenyewe, na likiharibika usimsukumie. Na askari wako wale kwanza, wewe baadaye.

Nalisisitiza hili kwa sababu najua nchi hii ilikotoka. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi yetu wakati huo, waliasi, na kati ya malalamiko yao, pamoja na mishahara, ni kuwa miaka miwili na zaidi baada ya uhuru bado waliongozwa na maofisa Waingereza. Maofisa wetu wenyewe walikuwa wachache mno. Mrisho Sarakikya, aliyekabidhiwa jeshi jipya la JWTZ lililoundwa Septemba mwaka huohuo, alikuwa amesomeshwa Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza. Nchi isiyo na mahali pa kuwalea maofisa wake inawaazima, na huchukua miaka mingi kuacha kuazima. Leo Monduli inapokea hata makadeti wa nchi rafiki, na inatoa shahada ya sayansi ya kijeshi kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Kenya wana Lanet, Uganda wana Kabamba, Rwanda wana Gako. Kwa hiyo anayekuambia jeshini wanakwenda walioshindwa masomo, mwache aendelee kuongea. Utasoma historia, sheria za vita na uongozi, na utafanya mitihani.

Wazazi nao nina neno nao. Mtoto akiingia mafunzoni, msihangaike kumtafuta mkubwa fulani amwangalie. Mnamharibia. Akirudishwa kwa kuumia goti au kwa kushindwa, mpokeeni bila maneno; wapo waliorudi hivyo na leo ni wahandisi na walimu wazuri sana.

Nafasi hutangazwa hadharani. Soma tangazo lenyewe, masharti ya umri, elimu na afya, usisome kilichosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna ada ya kuingia. Akikupigia mtu anayejiita meja au kanali akitaka laki kadhaa "za kukuwekea jina", usimtumie hata senti. Hifadhi namba na ujumbe wake, uende navyo kituo cha polisi siku hiyohiyo.