Pizza ya mboga imelowa, nilipe tu?

SWALI: Anti shikamoo. Mi sili nyama wala samaki, na Mwanza hii unaijua, kila sahani sato au sangara, kwa hiyo kuna mgahawa wa pizza hapa mjini ndo ulikuwa kimbilio langu. Juzi nimeagiza ya mboga nikaletewa kitu kimelowa katikati, hoho mbichi, chizi kiduchu, na chini ya nyanya kipande cha soseji kabisa! Mhudumu eti "kitoe tu dada". Nirudi kweli?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Kulowa huko ni uvivu wa jikoni: nyanya, uyoga na hoho zina maji mengi, zisipokaangwa kidogo kwanza, au oveni ikiwa haijashika moto vizuri, maji yote yanashukia kwenye unga. Hilo linasameheka. Soseji hapana, hiyo usilipie, mwite meneja hapohapo, maana ukishamaliza sahani nani atakuelewa? Wape nafasi moja tena, uwaambie mboga zikaangwe kwanza. Wakikununia hamia kwa mama ntilie, maharage na mchicha, ila muulize kwanza kama hajatia dagaa, hawa wa kwetu wanatia kimyakimya.