Mama anatumia warfarini na anasubiri upasuaji wa ngiri: aache lini?

Pole kwa wasiwasi, ndugu. Nimekuelewa: mama ana mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, anameza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na jirani amewaambia aiache leo. Tafadhali asiiache kwa neno la jirani. Akiiacha mapema mno, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Akichelewa, anaweza kuvuja damu nyingi wakati wa upasuaji.

Kwa kawaida warfarini husimamishwa siku 5 hivi kabla ya upasuaji, kwa sababu ini huhitaji muda kutengeneza upya vigandishi vya damu. Kisha hupimwa INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda), mara nyingi siku moja kabla. Dawa mpya za kazi hiyohiyo, kama apiksabani, hutoka mwilini haraka, hivyo husimamishwa siku 1 au 2 tu, zaidi kidogo figo zikiwa dhaifu. Msichanganye ratiba hizi.

Mpigie daktari wa upasuaji na wa moyo, wakuandikieni tarehe ya kuacha na ya kurudia. Hii ya kurudia ndiyo husahaulika sana! Uliza pia kuhusu sindano za heparini, zinazozuia damu kuganda wakati warfarini imesimamishwa: wengi wenye tatizo kama la mama hawazihitaji, ila mwenye vali ya bandia ya moyo huenda akazihitaji. Taja kila anachomeza, pamoja na aspirini, diklofenaki na mitishamba.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au choo kikiwa cheusi kama lami, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.