Nyundo ya kuchongea usiagize, itengeneze mwenyewe

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji inboksi, "shikamoo kaka, nafuatilia sana kazi zako, naomba kujua hiyo nyundo yako ya mti umeagiza wapi, China au Dubai?" Nimecheka mpaka wife akauliza kuna nini. Kuagiza! Kipande cha mti! Marahaba dogo, kule nimekujibu kifupi ila swali hilo mnaniuliza wengi, kwa hiyo acha nilimalize hapa.

Wote tunaochonga tunataka kazi itoke safi na mkono usife mapema. Hela yote tunaimalizia kwenye patasi na bobari, ile patasi ya mdomo wa duara, tunanoa mpaka zinanyoa vinyweleo vya mkono, halafu tunazigonga na nini? Nyundo ya misumari. Au ile nyeusi ya mpira ya mafundi vigae. Ya chuma inaua mpini wa patasi, baada ya muda unachanua juu kama ufagio wa chelewa. Ya mpira inadunda, nguvu yako inakurudia mwenyewe begani, unagonga asubuhi nzima na mbao haijapungua kitu. Ya mti inatua kwa uzito bila ukali, na kama kuna kitu cha kuchakaa basi inachakaa yenyewe, patasi inabaki.

Mimi kazi nimejifunza kwa mzee mmoja, mtu wa Newala, karakana siitaji. Kuchonga alikuwa anajua, hilo simnyimi, akikutolea sanamu ya shetani kwenye mpingo unaogopa kulala nae chumba kimoja. Lakini roho! Nyundo yake alikuwa anaivingirisha kwenye kitambaa, jioni anaondoka nayo. Siku moja kaenda kuswali nikaishika, sijagonga kitu, nimeishika tu niupime uzito, akanikuta. Wateja wapo, wenzangu wapo, akasema kwa sauti "nyundo ya fundi haishikwi na mbeba maji." Maji nilikuwa nabeba kweli, madumu kila asubuhi, ila na zile ujamaa nne tano, sanamu za watu waliobebana, alizokuwa anauza kwa jina lake watu wa chini nilikuwa nachonga mimi, na hakuna aliyefungua mdomo kulisema. Watu wananiambia samehe, nimesamehe, ila kusahau bado.

Jioni hiyo nikapita kwa bibi Temeke, kulikuwa na mchi wa kinu umekatika, anataka kuuchoma. Nikauomba. Nikaupunguza kwa tezo sehemu ya kushikia, upande mnene nikauacha ulivyo, nikamalizia kwa tupa na msasa. Hiyo ndo ikawa nyundo yangu, mchi wa mkwaju, na bibi mpaka anafariki alikuwa anaiita mchi wangu.

Sasa mkwaju. Mti wenyewe unaujua, ila ukiupasua ndani utakuta sehemu mbili, nje njano iliyofifia na katikati kahawia nzito inayoelekea zambarau. Hiyo ya katikati ndo mali. Nyuzi zake zimepishana, haipasuki kijinga, ndo maana wazee walifanyia michi na vinu. Mninga ni mzuri kwa kitanda na mlango, kwa nyundo ni mwepesi. Mvinje mgumu sana ila ukikauka unapasuka ovyo. Mpingo kila mtu anaukimbilia kwa sababu ya sifa, ni mzito kweli, kipande ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama, lakini nyundo ikiwa ngumu kuliko mpini wa patasi mpini ndo unaoumia, na hapo umerudi kwenye nyundo ya chuma ila ya bei mbaya. Mpingo chongea, usigongee. Mpini kama utaufanya wa mti tofauti tafuta mpera, mgumu halafu una mnyumbuko.

Kuupata sio shida Dar hii. Ongea na wauza kuni, pita Keko kwenye makarakana ya fenicha uone vipande wanavyotupa, au subiri TANESCO wakipita kupogoa miti chini ya nyaya, mwenye nyumba mwenyewe atakuomba uyaondoe matawi. Ukipata gogo usiliache zima. Lipasue katikati ya ule moyo, kile kidoa cha katikati kabisa, sio kahawia yote, kipande chako kisiwe na moyo ndani maana ufa unaanzia pale. Kata kirefu kuliko unavyohitaji, vichwa vyote viwili paka rangi ya mafuta iliyobaki au nta ya mshumaa, kisha weka kivulini, chini ya kitanda panatosha, sio juu ya bati. Vumilia. Ukitaka kujua kimekauka kining'inize kwa kamba ugonge na kifundo cha kidole, kibichi kinajibu bwi, kikavu kinalia ngo. Sikio litazoea.

Umbo sasa. Ya kuchongea ni ya duara, sio ile ya pembe ya maseremala. Duara unagonga upande wowote bila kuangalia, macho yanabaki kwenye ncha ya patasi, na unaizungusha mkononi ili isile sehemu moja. Kichwa kiwe kipana juu, kipungue kuelekea mkononi, kwa sababu mkono unazunguka ukishuka, ule mshazari ndo unaofanya igonge patasi sawasawa. Huna mashine, tumia tezo na tupa. Unataka safi, nenda kwa fundi kereza, ila msimamie, wale wamezoea miguu ya vitanda, wangu niligeuka kununua maji narudi kaniwekea pete tatu za urembo shingoni. Uzito nusu kilo kwa kazi ndogo, ya kubomolea gogo unaweza kufika kilo. Nenda dukani kwa Mangi akupimie kwenye mizani ya sukari.

Ukitaka ya vipande viwili, tundu la kichwa liwe pana zaidi juu kuliko chini na mpini uwe hivyohivyo, uushushe kutokea juu. Kila ukipiga kichwa kinakimbilia upande mnene, kinajikaza. Masika ikivimba, kaskazi ikinywea, haichomoki. Gundi ya nini? Msumari wa nini?

Mwezi uliopita kaja kijana kwangu anataka nyundo, kumuuliza katokea wapi, ni mpwa wa yule mzee. Nikampa moja, mkwaju mtupu, hela sikuchukua, nikamwambia msalimie mjomba, mwambie imetoka kwa mbeba maji. Sijui kama alifikisha. Na nyie mnaosubiri kontena la Dubai mnaniumiza roho kiukweli, mti unaoza uani kwenu mnalipia usafiri wa meli, fundi unasubiri kuletewa mpaka nyundo, kesho utasubiri uletewe na mkono.

Ikishakamilika usiipake mafuta ya nazi, hayakauki, mkono unateleza na patasi ipo karibu na vidole. Tumia linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, paka kidogo, futa yote iliyobaki juu, acha ikauke siku kadhaa, rudia. Kile kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa kwenye pumba za mbao, linsidi ikikauka inazalisha joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe, kitandaze nje kwenye waya mpaka kikakamae kabisa.