Jibu: Udhaifu wa kerneli unaoangusha seva, na kama inatosha kubadili mpangilio bila kuwasha mashine upya

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kampuni inayokukodisha seva imekuarifu kuwa kerneli yako ya Linux (kiini cha mfumo kinachoendesha mashine) ina udhaifu unaomwezesha mtu wa nje kuiangusha, nawe unataka kubadili mpangilio mmoja tu, usizime mashine, kwa kuwa duka lako la mtandaoni halina siri. Hoja ya siri iweke kando: mshambuliaji wa namna hii haibi kitu wala hahitaji nywila, anachotaka ni wateja wako wasikupate. Hayo mengine nitayajibu kwa yaliyonipata mwaka wa 2019, nilipokuwa nikisimamia seva za muuza vipuri vya magari hapa Industrial Area.

Tarehe 17 Juni mwaka huo, Netflix ilitangaza udhaifu uliogunduliwa na mhandisi wake, Jonathan Looney, ukaitwa SACK Panic, nambari CVE-2019-11477 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu. SACK ni utaratibu wa TCP, itifaki inayosafirisha data mtandaoni, ambao kwao mpokeaji humwarifu mtumaji ni vipande vipi vimefika, ili virudiwe vilivyopotea peke yake. Mshambuliaji alifungua muunganisho akidai kwamba hawezi kupokea zaidi ya baiti 48 kwa mara moja, na kwa kuwa nyongeza za TCP zaweza kula 40 kati ya hizo, zilibaki 8 za data. Kisha, kwa majibu ya SACK yaliyopangwa kwa hila, aliifanya kerneli ikusanye data iliyosubiri katika bafa moja (hifadhi ya muda ya kumbukumbu), yenye nafasi ya vipande 17 vya kilobaiti 32 kila kimoja. Ukigawanya kwa 8 unapata sehemu 69,632, ilhali kihesabu kilikuwa cha biti 16, kisichovuka 65,535. Kilipofurika, kerneli iliona hesabu haziingiliani ikajisimamisha yenyewe, na hapo haikufa programu moja bali mashine nzima. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la 2.6.29, la mwaka wa 2009.

Jioni ile ile niliandika net.ipv4.tcp_sack=0, mpangilio unaozima SACK, nikaihifadhi katika faili ya mipangilio ili idumu, kisha nikasakinisha kerneli mpya. Kuwasha upya nikakuahirisha, kwa sababu mwenye duka alikuwa akihesabu bidhaa za nusu mwaka, na pia, nikiri, nilijivunia mashine iliyokaa zaidi ya siku 400 bila kuzimwa.

Oktoba tawi la Mombasa likaanza kulalamika kwamba nakala rudufu ya data ya usiku, iliyokuwa ikikamilika kabla ya alfajiri, ilikuwa bado inasafiri wateja wakiwa wameshajaa kaunta. Nililaumu mvua, nikalaumu antena iliyo juu ya paa, hata nikagombana bure na kijana wa kampuni ya intaneti. Siku moja, nikitafuta jambo jingine kabisa, niliandika uname -r, amri inayoonyesha kerneli inayotumika, nayo ikanijibu kwa nambari ya kerneli ya zamani. Ile mpya ilikuwa imelala ndani ya saraka ya /boot tangu Juni, haijawahi kuendesha chochote. SACK nayo ilikuwa imezimwa miezi yote hiyo, kwa hiyo kila mara njia ya Mombasa ilipopoteza pakiti kadhaa kwa pamoja, seva ilikuwa ikipapasa gizani. Jumapili niliwasha upya, kazi isiyofika dakika nne, nikarudisha SACK, na nakala ya usiku uliofuata ikawahi alfajiri.

Kwa hiyo mpangilio ubadilishe usiku wa leo, lakini uchukulie kuwa bandeji, na upange saa ya kuwasha upya wiki hii hii. Usipotaka kuzima SACK, unaweza kuagiza fayawoli ikatae miunganisho inayodai sehemu za chini ya baiti 500, mradi tcp_mtu_probing, mpangilio unaoifanya kerneli ijaribu ukubwa wa pakiti, nayo iwe imezimwa. Baada ya kuwasha, thibitisha kwa uname -r, kisha uondoe ulichokiweka kwa muda.

Yote haya yanafaa ikiwa barua uliyopokea inahusu udhaifu huu, kwani kuzima SACK hakutakukinga na kasoro iliyo mahali pengine katika kerneli. Tuwekee hapa nambari ya CVE iliyotajwa, pamoja na jibu unalopata ukiandika uname -r.