Pikipiki ya DT inayopandisha sailensa yenyewe: achana na kabureta, tafuta hewa inapoingilia

Mkuu USIFUNGE HIYO JETI! Umeandika Yamaha DT 125 yako ya mnadani ikishapata moto sailensa (ule mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta) inapanda yenyewe, ukiachia mafuta inachelewa kushuka, na fundi kashakuomba hela akalete jeti kubwa (kale kapua ka kupitishia petroli ndani ya kabureta) kesho afunge. Mpigie sasa hivi mwambie asubiri. Hii picha nimeiangalia mpaka mwisho, steringi ni pistoni na anakufa.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo, DT pia, ile yenye tenki lake la oili ya tu-stroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli). Asubuhi inawaka poa, ikipata moto inaanza kulia juu peke yake mkono haujagusa kitu, mara inashuka, mara inazima. Nikaipeleka kwa jamaa ambaye pale kijiweni wote tunamwita injinia. Hajauliza hata swali, kachukua bisibisi. Akateremsha skrubu ya sailensa mpaka mlio ukatulia, halafu akafungulia ile skrubu ndogo ya pembeni eti anaiongezea petroli. Sasa hapa ndipo wanapotumaliza hawa watu. Wao maisha yao yote ni bodaboda za fo-stroki, na nyingi skrubu iko upande wa injini, ukifungulia kweli unaongeza petroli. Ya DT iko upande wa filta, ni skrubu ya hewa, ukifungulia unaongeza HEWA. Yaani injini inalia haina petroli ya kutosha, bwana injinia anaipunguzia tena, na pesa kachukua, na soda nikamnunulia mimi mwenyewe.

Ilipozidi akaja na hiyo hiyo habari ya jeti kubwa. Tukafunga, plagi ikatoka nyeusi, tukapeana mikono kwamba sasa inakula petroli ya kutosha. Wajinga wawili. Jeti kubwa inatawala ukiwa umevuta mafuta kuanzia kama robo tatu kwenda juu, katikati ni kazi ya sindano, na mkono ukiwa umeachia ni kajeti kale kadogo ka sailensa pamoja na hiyo skrubu ya hewa. Kwa hiyo tulitibu sehemu ambayo haikuwa inaumwa, ile inayoumwa ikabaki vile vile, ila sasa plagi nyeusi inatudanganya kila tukiichomoa.

Halafu nikapanda nayo Lushoto. Kupanda kutoka Mombo haikusumbua, inavuta mpaka raha, nikawa namsifia injinia moyoni. Balaa kurudi. Ule mteremko wewe umeachia mafuta, gia inashikilia, injini inazunguka kwa kasi kubwa, na pampu ya oili ya DT inafuata kebo ya mafuta, ukiachia nayo inatoa oili kidogo sana. Petroli kidogo, oili kidogo, hewa ya wizi inaingia kwa fujo. Kwenye kona moja nikasikia mlio umebadilika, pistoni imenasa, tairi la nyuma likafunga KRAAA, ninachokumbuka ni vidole kubana klachi vyenyewe, mke wangu anasema ni dua zake mimi nasema ni woga. Namshukuru Mungu hakukuwa na basi linapanda.

Gharama sasa. Silinda kuchongwa, pistoni ya saizi ya juu, ringi, gasketi, na kwa vile vipande vya aluminiamu vilishuka chini, krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) ikatolewa na beringi zake zikabadilishwa zote. Chanzo cha yote hayo? Oili sili ya krenki, yaani ile ringi ya raba inayoziba pale krenki inapotokea, upande wa kushoto, nyuma ya flaiwili ya magneto inayotoa umeme. Imekauka, mdomo umepasuka. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa pikipiki za misheni ndiye aliyeiona, alifungua kava akaangalia mara moja akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unachezea kabureta ya nini?" Sili mbili bei yake haifiki hata kujaza tenki. Nilitaka kurudi kwa injinia nikazitundike pale kijiweni kwake.

Tu-stroki inavutia petroli na hewa kupitia kule chini kwenye krenki, kwa hiyo kule kote lazima kusipitishe hewa. Sili ya kushoto ikichoka inanyonya hewa, sailensa inapanda. Ya kulia ikichoka inanyonya oili ya giaboksi, unaona moshi mweupe mwingi na oili inapungua bila kuvuja chini. Na pikipiki ya mnadani imekaa juani yadi miaka, raba zote zimekakamaa, sasa wewe unategemea nini?

Anza na ile raba inayoshika kabureta na injini, ikunje uangalie nyufa. Washa, puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuizunguka, mlio ukibadilika umeshampata mwizi (puliza injini ikiwa ya baridi, usije ukaniunguzia DT ukasema nimekutuma). Raba ikiwa nzima, pima sili. Ziba tundu la ekzosi na la kabureta, pistoni iwe chini kabisa, kisha kwenye tundu la plagi unganisha kile kipimo cha presha cha dispensari, cha kujaza kwa mkono. Serious kabisa! Kinaishia 300 (milimita za zebaki), ambayo ni kama 0.4 ya bar, na ndiyo inayotakiwa, usizidishe utazing'oa sili. Presha ikae dakika kadhaa. Mshale ukishuka, paka maji ya sabuni, mapovu yatakuonyesha. Kompresa ya kujazia tairi hapana, tafadhali.

Mpaka hapo hakuna mtu kugusa skrubu wala jeti. Hata kama fundi ni shemeji yako.

Kama presha haishuki kabisa, basi sawa, fungua kabureta, safisha kale kajeti kadogo, skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka mwisho uifungulie kama mzunguko mmoja na nusu uanzie hapo. Dalili ya kajeti kuziba ni tofauti lakini, ile inazima ukitoa choki, haipandi yenyewe.

Na ikipanda ikagoma kushuka vuta choki, kama bado inalia weka gia, kaza breki, achia klachi izime. Usikae unaichungulia.

Uliuliza na plagi, sijui na kabureta ya Kichina, nimesahau, tutaongea. Kapime kwanza uniambie mshale umeshuka au haujashuka.